Msimketishe na aliyempiga

Mimi ni mshirika wa kanisa moja hapa Nyamasaria, Kisumu. Kwetu mama akija na jicho lililovimba, jambo la kwanza ni kumwita bwana yake, wakae benchi moja mbele ya mchungaji. Nani atasema ukweli ubavuni mwa aliyempiga? Tunasoma Waefeso 5 kuanzia mstari wa 22 (ule wa 21, wa kunyenyekeana, sijui huwa tunaurukia nini), tunaomba, tunawasindikiza nyumbani. Usiku huo ndio mbaya zaidi.

Mchungaji, msikilize peke yake, awepo mama mwenzake anayejua kutunza siri. Kisha mpe nauli ya boda afike Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi, majeraha yaandikwe, halafu polisi kwa fomu ya P3. Maombi yataendelea akiwa salama. Tangu 2015 tuna sheria inayomwezesha hakimu kumzuia mpigaji asimkaribie. Ni wachungaji wangapi wameshawahi kuitaja madhabahuni?

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wanawake 34 kati ya kila 100 wameshapigwa tangu wafikishe miaka 15. Jumapili hesabu viti vya upande wa akina mama.

Na mzee wa kanisa anayempiga mkewe je? Kwetu msichana akipata mimba kabla ya ndoa hutengwa na Meza ya Bwana. Huyu mzee bado ndiye anayepitisha kikapu cha sadaka.