Mwanao anatengeneza tovuti? Kaa naye kabla hajabonyeza 'Chapisha'

Mzazi anayemkuta mwanawe wa kidato cha pili akiburuta picha na maandishi kwenye kompyuta kwa saa mbili hudhani ni mchezo. Mara nyingi si mchezo. Mtoto anatengeneza ukurasa wa tovuti, na kabla chakula cha jioni hakijaiva ukurasa huo unaweza kuwa unafunguliwa na mtu yeyote mwenye simu na bando, awe Mbagala au Moscow.

Programu anayotumia ni kihariri cha kuburuta na kudondosha: anachokiona wakati wa kutengeneza ndicho atakachokiona msomaji, au kinakaribia sana. Google Sites ni mojawapo, Wix pia. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ililetewa kihariri cha namna hiyo Desemba 2018. Ndani yake kila aya, kila picha na kila kitufe ni kama tofali. Unaliinua, unalisogeza, unalipanga juu ya jingine. Mtoto anayejua kuandika barua kwenye kompyuta hahitaji mwalimu ili aanze.

Wapo akina baba, hasa waliowahi kugusa mambo ya kompyuta chuoni, wanaodharau njia hii. "Huko si kujifunza," wanasema, "akajifunze kuandika msimbo." Wana hoja, lakini wanaiweka mapema mno. Tim Berners-Lee alipotengeneza kivinjari cha kwanza mwaka 1990 akiwa CERN, kule Uswisi, programu yake iliweza kusoma kurasa na pia kuzihariri hapohapo kwenye kioo. Kuanza kwa kuona unachokitengeneza ni desturi ya zamani kama wavuti yenyewe. Tatizo ni mtoto kuishia hapo.

Tuchukue mfano wa binti anayetaka kumtengenezea mama yake ukurasa wa biashara ya maandazi na sambusa. Ataanza na rangi. Wote huanza na rangi: zambarau juu, njano chini, maandishi yanayocheza. Mwache kwa siku ya kwanza. Siku ya pili mama akae pembeni yake na kumuuliza swali moja tu: "Mwanangu, mteja wangu akifungua hapa anatafuta nini?" Anatafuta bei, mahali, siku za kuoka na namna ya kuagiza. Hapo binti ataona mwenyewe kwamba namba ya kuagizia ameificha chini kabisa, baada ya picha sita.

Hizo picha nazo zina neno lake. Picha moja ya simu ya siku hizi huweza kuwa na MB 3 au 4. Picha sita ni zaidi ya MB 18. Baadhi ya vihariri huzipunguza vyenyewe, vingine huzipakia kama zilivyo, na mteja anayelipia bando la siku hatasubiri maandazi yajitokeze. Azipunguze kwanza, kisha aufungue ukurasa kwenye simu ya mama, tena ile ya bei nafuu. Wateja wengi watauona kwenye kioo kidogo kama hicho, na mpangilio uliopendeza kwenye kompyuta huweza kuvurugika hapo.

Kosa jingine la kawaida halionekani kwa macho. Mtoto akitaka kichwa cha habari, huandika "Bei zetu", akakuza maandishi na kuyakoleza. Kwa macho kinapendeza. Lakini kihariri kina chaguo lake maalumu la kichwa cha habari, na bila hilo kompyuta haijui kwamba hicho ni kichwa. Inaona maneno makubwa tu. Mtu asiyeona, anayesomewa ukurasa na simu yake, huruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wengine wanavyopitisha macho. Akikosa vichwa itambidi asikilize ukurasa mzima. Picha nazo zina sehemu ya maelezo ya maneno, na watoto wengi huiacha wazi. "Maandazi kumi kwenye sinia" yanatosha.

Ni hapa ambapo mtoto hupata sababu ya kutaka kujua kilicho nyuma ya pazia. Kwenye kompyuta, kivinjari kikiwa wazi, abonyeze Ctrl na U kwa pamoja. Itafunguka karatasi ndefu ya maandishi ya kutisha. Asiogope, wala mzazi asijifanye anaielewa. Kisha afungue Notepad, programu ya kuandikia iliyomo kwenye kompyuta za Windows, na aandike mistari miwili:

<h1>Maandazi ya Mama</h1>
<p>Tunaoka Jumatatu hadi Jumamosi.</p>

Ahifadhi faili kwa jina mama.html, kisha alifungue kwa kivinjari. Mstari wa kwanza utatokea mkubwa, wa pili wa kawaida. Hiyo ndiyo HTML, lugha ambayo kihariri kilikuwa kinaiandika kwa niaba yake muda wote. Zoezi hili halitumii bando hata kidogo, halihitaji akaunti, na halionekani na mtu yeyote nje ya kompyuta hiyo. Kwa familia yenye intaneti ya kuhesabu, jioni nyingi za mafunzo zinaweza kupita hivyo. Kwenye WordPress anaweza pia kugeuza tofali moja lionekane kama HTML, alirekebishe, kisha alirudishe. Mtoto aliyefanya hivyo mara kumi ameshaanza kuandika msimbo, hata kama baba hajatambua.

Jambo zito zaidi ni kile kitufe cha kuchapisha. Mtoto hukibonyeza kwa furaha ileile anayotumia kutuma picha kwa rafiki. Tofauti ni kwamba rafiki ni mmoja.

Angalia ukurasa wa kawaida wa mwanafunzi: jina lake kamili, picha akiwa na sare yenye nembo ya shule, darasa analosoma, mtaa anaoishi, na namba ya simu ya nyumbani "kwa mawasiliano". Kila kipande peke yake ni kidogo. Vikiwa pamoja, mgeni asiye na nia njema amepewa jina la kuitia, geti la kusubiria na saa ya kutoka. Tena kama simu iliruhusiwa kurekodi mahali, faili la picha lenyewe huweza kubeba alama ya pale ilipopigwa, yaani sebuleni kwako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haiwezi kuirudisha picha ambayo watu wameshainakili.

Basi ukurasa wa maandazi uwe na picha ya maandazi. Namba iwe ya biashara, si ya mtoto. Picha za wanafunzi wenzake zisiwemo bila ridhaa ya wazazi wao. Hili watoto hulisahau kabisa. Kwenye Google Sites kuna mpangilio wa nani anaweza kuona: unaweza kuwa watu waliotajwa tu, au kila mtu. Kwa wiki za kwanza iwe baba, mama na shangazi. Akaunti nayo iwe ya mzazi kama mtoto hajafika umri. Google katika nchi nyingi huweka miaka 13.

Kuhusu fedha, mwezi wa kwanza hakuna haja ya kulipa hata shilingi. Ofa za "jaribu bure" zinazodai namba ya kadi ya benki zipite. Jina maalumu la tovuti hulipiwa tena kila mwaka, kwa hiyo lisubiri hadi ijulikane kama mtoto bado ana hamu likizo ikiisha.

Na kama ukurasa umeshatoka ukiwa na sare, jina na mtaa, usianze kwa ukali, maana atakaporudia atakuficha. Ingieni pamoja kwenye akaunti na muusitishe uchapishaji leo hii, kisha mfute picha zenyewe, si maandishi tu. Baada ya hapo tafuteni jina la mtoto kwenye Google. Matokeo ya zamani huweza kubaki siku kadhaa hata baada ya ukurasa kuondolewa. Google ina fomu ya kuomba yaondolewe, na mtoto mwenyewe ndiye anayefaa kuijaza, mzazi akiwa pembeni.