Dada Yetu Ameambiwa ana Saratani ya Titi: Msikiti Uko Wapi?

Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia jambo ambalo ni nadra kulisikia katika mimbari zetu, pengine kwa sababu linahusu kiungo ambacho watu huona haya kukitaja mbele ya mkusanyiko. Nalo ni saratani ya titi, na hasa zile wiki chache za mwanzo baada ya mwanamke kuambiwa na daktari kwamba uvimbe alionao ni saratani.

Tunazitaja wiki za mwanzo kwa makusudi. Waislamu wa nchi hii ni hodari sana katika mazishi. Mtu akifariki alfajiri, kabla ya adhuhuri sanda imepatikana, kaburi limechimbwa, gari limekodiwa, na wanaume mia wako nyuma ya jeneza. Tuache kwa leo mjadala wa pilau la hitma, tumekwisha uandikia vya kutosha. Tunachokiona ni kwamba kamati ya mazishi iko karibu katika kila msikiti, ilhali kamati ya wagonjwa ni ya kutafuta kwa tochi. Mwanamke huyo huyo ambaye jamaa nzima ingemchangia sanda, siku aliyotoka hospitali na bahasha ya majibu mkononi alipanda daladala peke yake, akafika nyumbani, akapika, na hakumwambia mtu.

Kwa nini hakumwambia mtu? Kwa sababu anazijua kauli zitakazomfikia. Mmoja atasema amerogwa. Mwingine atauliza amefanya dhambi gani. Wa tatu, kwa nia njema kabisa, atamsimulia habari za jirani yake aliyekuwa na ugonjwa huo huo na akafariki. Na wa nne atamwonya asikubali kabisa kisu, kwani eti saratani ikiguswa na chuma husambaa mwili mzima. Kauli hii ya mwisho imewaua wengi. Ukweli ni kwamba kipimo cha kukata kinyama na upasuaji wa titi havisambazi saratani. Kinachotokea ni kuwa wengi hufika hospitali wakati ugonjwa umekwisha kwenda mbali, wakafanyiwa upasuaji na bado wakafariki, na watu wakaulaumu wembe badala ya kuulaumu ule mwaka mzima uliopotea.

Ugonjwa huu si wa mtu mmoja wala wa ukoo mmoja. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya titi, na wapatao 670,000 walifariki kwa ajili yake. Hapa Tanzania ndiyo saratani ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Wanaume nao huupata, japo ni wachache mno, chini ya mmoja katika kila wagonjwa mia. Hauambukizi kwa kula sahani moja, kulala kitanda kimoja wala kunyonyesha. Wengi wanaougua hawana ndugu yeyote aliyewahi kuugua. Basi anayemwuliza mgonjwa amefanya nini hata akapatwa, amebeba swali ambalo hata madaktari bingwa hawawezi kumjibia kwa mtu mmoja mmoja.

Tuje kwa waume, kwani hapo ndipo palipo na donda. Hofu kubwa ya mwanamke aliyeambiwa kwamba titi lake litaondolewa mara nyingi si kifo. Ni talaka, au mke wa pili kuletwa ilhali yeye bado ana bandeji. Wapo wanaoahirisha upasuaji kwa hofu hiyo, wakazunguka kwa waganga hadi uvimbe ukapasuka na kuwa kidonda. Mume hahitaji kutamka neno la talaka ili hofu hii iwe kubwa, inatosha anyamaze.

Kila Ramadhani tunasimuliana habari za Badr, lakini kuna swahaba mmoja mkubwa ambaye hakuwepo Badr, na sababu yake haisimuliwi sana. Uthman bin Affan (r.a.) alibaki Madina kwa amri ya Mtume (s.a.w.) ili amwuguze mkewe Ruqayya, binti ya Mtume, aliyekuwa mgonjwa. Jeshi la Waislamu lilikuwa dogo, watu mia tatu na kitu, na kila mkono ulihitajika. Hata hivyo mwanamume mwenye nguvu zake aliachwa nyuma kwa ajili ya mke mgonjwa. Ruqayya alifariki katika siku zile zile za vita. Na Uthman akahesabiwa miongoni mwa waliohudhuria, akapewa fungu la ngawira na akabashiriwa ujira sawa na waliopigana. Tunawaomba maimamu waisome habari hii mbele ya wanaume, tena waisome pole pole. Kwa mwanamume wa leo ambaye mkewe anatibiwa saratani, kukaa naye kwenye benchi la kliniki si kazi ya kike wala si kupoteza siku.

Wako watakaosema kwamba msikiti ni mahali pa ibada, na mambo ya maradhi yana mahali pake. Hao tunawakumbusha kisa cha Saad bin Muadh (r.a.). Alipopigwa mshale mkononi katika vita vya Khandaq, Mtume (s.a.w.) aliamuru apigiwe hema ndani ya msikiti ili aweze kumzuru kwa karibu. Wanahistoria wa sira wanasema hema hilo lilikuwa la Rufaida al-Aslamiyya, mwanamke aliyekuwa akitibu majeruhi. Jeraha la Saad lilifumuka humo humo, na damu ikatiririka hadi kwenye hema la jirani, watu wakashtuka. Basi ule msikiti ambao misikiti yetu yote inajifananisha nao uliwahi kuwa na mgonjwa, damu na mwuguzi wa kike chini ya paa lake, na haukupungukiwa utukufu. Sisi misikiti yetu imetandikwa mazulia mazuri, na mgonjwa hana hata mtu wa kumwandikia jina lake.

Je, kuwa karibu na mgonjwa kunasaidia nini hasa, ikiwa ajali iko mikononi mwa Allah? Swali hili limewahi kupimwa. Mwaka 1989 David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake 86 waliokuwa na saratani ya titi iliyokwisha sambaa. Wale waliokutana kila wiki katika vikundi vya kufarijiana waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Habari hizo zilienea dunia nzima. Kisha mwaka 2001 utafiti mkubwa zaidi, wa wanawake 235 nchini Kanada, haukuona nyongeza yoyote ya umri. Hata hivyo uliona jambo jingine: wale waliokuwa na kundi walisikia maumivu kidogo na huzuni yao ilipungua, hasa wale walioanza wakiwa na dhiki kubwa. Sisi tunaona jambo hili la pili linatutosha. Hatukuahidiwa kwamba kumzuru mgonjwa kutamwongezea siku. Lakini kama maneno ya mwenzako na mkono wake vinapunguza maumivu ya mwili, ni nani mwenye udhuru wa kukaa nyumbani?

Na katika watu wote, anayefaa zaidi kumkalia karibu mgonjwa mpya ni mwanamke aliyepita njia hiyo hiyo. Bibi mmoja wa New York, Terese Lasser, aliyeondolewa titi, alianza mwaka 1952 kuwatembelea wanawake waliofanyiwa upasuaji kama wake, na utaratibu wake huo wa mgonjwa wa zamani kumzuru mgonjwa mpya ukaenea nchi nyingi. Hauhitaji fedha wala jengo. Unahitaji mwanamke aliyevaa buibui lake, mzima, ambaye alikatwa titi miaka sita iliyopita, aingie, akae mkekani, na aseme: "Dada, nami nilikuwa hapo." Wanawake wa namna hiyo wamo katika safu za nyuma za misikiti yetu. Hatuwajui kwa sababu nao walifundishwa kunyamaza. Mwaka 2005, Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania (MEWATA) kilipowaita wanawake wa Dar es Salaam kuchunguzwa matiti, waliitika kwa wingi. Haya yao haikuwa kizuizi pale walipoona wanawake wenzao ndio wanaowapokea.

Yako mambo ya kawaida kabisa ambayo jamaa inaweza kuyabeba. Siku ya majibu mgonjwa hasikii nusu ya anayoambiwa. Aende na mtu mwenye kalamu, aandike saratani iko katika hatua gani, tiba itaanza na nini, na lini arudi. Dawa za saratani zinazopitishwa mshipani hutolewa kwa awamu, mara nyingi kila baada ya wiki tatu, na siku zinazofuata mgonjwa huwa hoi, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa tu yaweza kumtapisha. Hapo ndipo jirani apike kwake na awachukue watoto. Nywele hunyonyoka, na kwa kawaida huota tena tiba ikiisha. Katika siku hizo kinga ya mwili hushuka, kwa hiyo mwenye mafua asiende kumzuru kwa siku hizo, atume salamu. Na mgonjwa akipata homa, hata ya usiku wa manane, apelekwe hospitali usiku huo huo, asipewe vidonge vya kutuliza homa akaambiwa asubiri kukuche. Baada ya upasuaji asibebeshwe ndoo za maji. Na wageni wasikae saa tatu. Adabu ya kumzuru mgonjwa katika dini yetu ni kukaa kidogo, ingawa baadhi ya kina mama wetu wakishapewa chai hulisahau hilo.

Mzigo mzito zaidi ni wa safari. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ndiyo ilikuwa pekee yenye mashine za mionzi nchini. Baadaye Bugando, Mwanza, nayo ikaanza kutoa tiba hiyo. Mionzi hupigwa siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu hadi sita. Tuseme mgonjwa ni mama wa Kondoa. Atalala wapi Dar es Salaam muda wote huo, na nani atamlisha? Wengi huikatisha tiba katikati kwa ajili ya swali hili, wala si kwa kukata tamaa. Jijini kuna misikiti mingi ambayo waumini wake wana vyumba vya wageni. Barua moja ya imamu wa Kondoa kwa imamu wa Dar es Salaam, ikitaja jina la mama huyo na siku atakayofika, ingeweza kumaliza tatizo ambalo yeye peke yake hawezi kulimaliza.

Hatuwezi kuacha kusema neno juu ya wauza dawa. Pembezoni mwa misikiti mingi, baada ya swala ya Ijumaa, huuzwa chupa ambazo muuzaji huapa kwamba zinatibu kisukari, majini na saratani kwa pamoja. Kumsomea mgonjwa Qur'an ni jambo jema, na dua ni silaha ya muumini. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu aliwaamuru wajitibu, na yeye mwenyewe aliwaita matabibu. Anayemwambia mwanamke mwenye uvimbe wa sentimita mbili aache hospitali anywe habasoda miezi mitatu, kisha aone, amechukua dhamana ambayo hataweza kuilipa. Uvimbe huo ungeondolewa leo. Baada ya muda huo huenda umefika kwapani. Na anayetumia mitishamba yoyote amwambie daktari wake, maana mingine hugongana na dawa. Kuhusu kuchunguzwa na daktari mwanamume, wanachuoni wameruhusu kwa dharura pale mwanamke tabibu asipopatikana, na mume au maharimu anaweza kuwepo. Na mgonjwa anayedhuriwa na funga ana ruhusa ya kula. Asilazimishwe na mama mkwe.

Tunapendekeza, basi, jambo moja la kuanzia. Kila msikiti uteue kina mama watatu, mmoja wao awe amewahi kuugua au kuuguza saratani ikiwezekana, nao wawe na daftari lao ambalo halisomwi na mwanamume yeyote, hata imamu. Sehemu ya michango ya Ijumaa, walau moja kwa mwezi, itengwe kwa nauli na vipimo, itolewe kwa kina mama hao bila ya jina la mgonjwa kutangazwa kwenye kipaza sauti. Na namba ya simu ya mmoja wao ibandikwe msikitini, upande wa wanawake, karibu na mlango wanaotokea, mahali ambapo mtu anaweza kuisoma akiwa anavaa viatu bila ya mwenzake kujua anatazama nini.