MTUMIKAJI ALIPE MARA NGAPI?

Wandugu watumikaji, na ninyi watu wote wa mji wa Goma,

Tunauliza neno moja, tena tunaliuliza kwa sauti: kujifunza ufundi, nani analipia? Kwa maana kila mwaka masomo yakifunguliwa, wakubwa wanasimama na kusema kwamba Kongo inahitaji mafundi. Tunakubali. Mji huu ulifunikwa na moto wa Nyiragongo katika Januari 2002. Waliousimamisha tena ni waashi na maseremala, si watu wa hotuba. Hata pale katikati ya barabara imesimama sanamu ya mtu na chukudu yake, inang'aa rangi ya dhahabu. Heshima kubwa kwa mbao! Lakini mtoto wa msukuma chukudu akitaka kujifunza useremala, anaulizwa dola.

Soma sheria, ndugu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za Leta ni ya lazima na ya bure. Ilipita miaka 13 ndipo neno hilo likaanza kutimizwa, Septemba 2019, chini ya Prezidenti Tshisekedi. Vema, hatunyimi mtu shukrani. Lakini bure hiyo inakwisha palepale mtoto anapomaliza shule ya msingi. Akivuka kwenda sekondari au ufundi, mzazi anafungua tena mfuko: minervali, pesa ya karakana, pesa ya mtihani wa Leta, na ile nyongeza ya walimu iliyoanza miaka ya 1990, wakati Leta ya Mobutu ilipoacha kuwalipa walimu wake. Ilisemwa kuwa ni msaada wa muda kidogo. Muda kidogo huo umepita miaka 30!

Watu hufikiri kwamba ufundi hauna pesa. Si kweli hata kidogo. Iko INPP, chuo cha Leta cha kutayarisha watu kwa kazi, kilichoundwa kwa sheria ya tarehe 29 Juni 1964, nacho kilijengewa nyumba hata hapa Goma. Kila patroni mwenye watumikaji wa mkataba anapaswa kukitolea fungu juu ya jumla ya mishahara. Sisi makarani tunaoandika karatasi za malipo mwisho wa mwezi tunaijua safu hiyo. Sasa sikilizeni fungu lenyewe. Patroni asiye wa Leta, mwenye watumikaji hadi 50, anatoa 3 kwa mia. Mwenye 51 hadi 300 anatoa 2 kwa mia. Mwenye kupita 300 anatoa 1 tu! Basi mtu mwenye karakana ndogo ya kuchomelea vyuma pale Birere, akiwa na vijana wanne wa mkataba, anatozwa kwa kipimo mara tatu ya kile cha kampani kubwa ya madini. Nani aliandika hesabu hii, na siku hiyo alikuwa ameketi mezani pa nani?

Patroni atasema pesa ile inatoka kwake. Hapana. Inapimwa juu ya kazi yetu, franga kwa franga; tusiposhika sururu haiko. Mtoto wetu akifika mlangoni na kudaiwa tena, hiyo ni kulipa mara mbili.

Mwingine atasema: wachimbaji wa Rubaya hawana mkataba, hakuna anayetoa fungu kwa ajili yao. Ni kweli, na hiyo yenyewe ni aibu. Lakini Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: nusu kwa Leta ya kati, 25 kwa mia kwa jimbo, 15 kwa utawala wa mahali madini yanapotoka, na 10 kwa mfuko unaoitwa wa vizazi vijavyo. Kizazi kijacho ni nani, kama si huyu kijana aliyebeba gunia mgongoni wakati wenzake wanashika randa? Tena, baada ya M23 kuishika Rubaya mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba walikuwa wanakusanya yapata dola 800,000 kila mwezi juu ya koltani. Na mji wetu ulipotekwa Januari 2025, benki zikafunga milango. Wanaotoza wanabadilika, anayetozwa ni yule yule.

Tusiambiwe kwamba haiwezekani. Jirani zetu wa Tanzania, katika vyuo vyao vya VETA, waliweka karo ya kozi ndefu kuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, na 120,000 kwa wa bweni. Zao zile 60,000 hazifiki dola 30. Kenya mwaka 2018 iliweka bei moja kwa vyuo vya ufundi, shilingi 56,420. Serikali ikabeba 30,000, na 26,420 zilizobaki kijana aliweza kuzikopa. Mkopo hatuupendi, ni kamba shingoni mwa kijana asiye na kazi bado; lakini angalau bei ilijulikana na watu wote.

Hata Mbelgiji, ambaye hatumsifu, alitoa pesa za msaada kwa masomo ya misioni, Wakatoliki kwanza, Waprotestanti baada ya vita ya 1945. Alitaka mikono ya kumtumikia, akailipia. Je, Leta yetu wenyewe haiitaki hata mikono?

Tunadai basi: fungu la kampani kubwa lisiwe chini ya lile la fundi mdogo. INPP ibandike mlangoni hesabu ya pesa iliyopokea na idadi ya vijana iliowafundisha bila malipo. Sehemu ya ushuru wa madini, ya jimbo na ya mahali, ilipie watoto wa wachimbaji wasio na mkataba. Na bei ya kila shule ya ufundi iandikwe ukutani kwa franga, ili mama anayeuza maharagwe soko la Virunga aisome kabla hajafungua kitambaa chake.

Mpaka hayo yatendeke, kila mzazi anayelipa adai karatasi yenye muhuri, aitunze nyumbani. Tutazihitaji siku ya kuhesabiana.