Malisho Yasiyokuwapo

Kila mwaka huwaonyesha wanafunzi wangu picha ya Landsat ya mpaka wa Misri na Israeli: Sinai inang'aa, Negev imefifia, mstari baina yao kama wa rula. Nao hujibu upesi: kule kuna mimea. Karnieli na Tsoar walionyesha mwaka 1995 kwamba weusi ule hasa ni gamba jembamba la sainobakteria juu ya mchanga, ambalo upande wa Sinai lilivunjwa na kwato na nyayo. Likilowa mvua, gamba hilo huwa kijani, na setilaiti huweza kulidhania majani. Mimi namwogopa ofisa apangaye idadi ya mifugo kwa kijani hicho, bila kuinama kuugusa udongo.