Moshi wa mashine za boti ni maradhi, tusiuzoee

Ndugu msomaji, tunapozungumzia moshi na afya, mara nyingi fikra zetu huishia jikoni, kwenye kuni na mkaa. Leo tutoke nyumbani twende baharini, maana zipo familia nyingi za Kiislamu za mwambao na visiwani ambazo haziwezi kufika hospitali, harusini wala mazikoni bila ya kupanda chombo. Aliyewahi kuvuka kutoka Nyamisati kwenda Mafia, Mkokotoni kwenda Tumbatu au Lamu kwenda Faza kwa mashua ya mashine ya dizeli, habari hii anaijua vizuri.

Chombo kinapakia, watu wanasoma dua ya safari, mashine inatiwa moto, na hapo hapo wingu linatanda. Kina mama wanajiziba pua kwa kanga, watoto wanakohoa. Mama mwenye kichanga mara nyingi hupewa kwa heshima nafasi ya katikati, kwa sababu ndipo chombo kinapoyumba kidogo. Lakini hapo hapo katikati, au nyuma yake kidogo, ndipo lilipo sanduku la mashine! Ukimuuliza nahodha, jibu ni moja tu: "Hii mashine ya zamani, lazima itoe moshi."

Jibu hilo ndilo tunalolipinga. Si kweli kwamba uzee wa mashine ni lazima uonekane kwa moshi. Injini ya dizeli ya miaka 30, iwe Yanmar, Lister au ile iliyoshushwa kutoka kwenye lori, ikiwa imetunzwa, imeshapata moto na haikubebeshwa kupita uwezo wake, moshi wake hauonekani, au ni ukungu mwepesi tu. Moshi mzito ni dalili ya ugonjwa, kama homa kwa binadamu. Na mwenye kuumwa ni mashine, ila anayekohoa ni abiria.

Je, madhara yake ni yapi? Mwaka 1988 wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) waliuweka moshi wa dizeli katika vitu vinavyoelekea kuleta saratani. Juni 2012 waliondoa shaka: wakatangaza kwamba moshi huo unasababisha saratani ya mapafu, wakauweka katika kundi moja na sigara. Masizi yake ni chembe ndogo mno, nyingi hazifikii hata sehemu ya 20 ya unene wa unywele, hivyo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na nyingine kuingia kwenye damu. Mwenye pumu hubanwa, mwenye ugonjwa wa moyo huzidiwa. Mtoto mchanga huvuta pumzi mara 30 hadi 60 kwa dakika moja, wakati mtu mzima huvuta mara 12 hadi 20. Basi fikiri huyo aliyewekwa karibu na sanduku la mashine kwa saa tatu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Ndani ya moshi huo imo hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Dizeli huitoa kwa kiasi kidogo kuliko petroli, lakini chombo kikifunikwa kwa turubai pande zote kwa kuogopa mvua au mawimbi, hujikusanya. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Watu husema, "huyu bahari imemshika." Huenda ni bahari kweli, na huenda ni moshi. Njia nyepesi ya kupambanua ni kutazama waliokaa nyuma ya chombo: ikiwa wanaoumwa kichwa ni wao tu, na wa mbele wazima, basi bahari isisingiziwe. Mgonjwa atolewe mbele kwenye upepo, turubai lifunguliwe, na asipopata nafuu apelekwe hospitali mara chombo kikifunga.

Tazama sasa mafunzo ya dini yetu. Mtume (s.a.w.) alimzuia aliyekula kitunguu saumu kibichi asisogelee msikiti, kwa sababu malaika huudhika kwa yale yanayowaudhi binadamu. Ikiwa harufu ya kitunguu, ambacho ni chakula halali, imezingatiwa kiasi hicho, itakuwaje masizi yanayowaingia watu mapafuni? Na katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Nu'man bin Bashir, Mtume (s.a.w.) alipiga mfano wa watu ndani ya jahazi, wa chini wakataka kutoboa sehemu yao wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote wanaangamia. Yule aliyeona na akanyamaza hakusalimika kwa kunyamaza kwake. Wenye vyombo hupenda kusema "chombo ni changu". Chombo ni chako, ndugu yangu, lakini hewa iliyomo ndani umeikodisha kwa watu kwa nauli.

RANGI ZA MOSHI

Fundi mzuri haanzi na spana. Huanza kwa kutazama. Moshi una rangi tatu, na kila rangi ina maneno yake. Atazame pia unatoka wakati gani: mashine inapowashwa, inapovuta mzigo, au baada ya kukaa muda mrefu ikinguruma bila kazi.

Moshi mweusi ndio wa kawaida kuliko yote. Maana yake ni mafuta mengi na hewa kidogo, au kazi kubwa kuliko nguvu. Sababu ya kwanza ni nyepesi mno hata watu huidharau: chujio la hewa limeziba, au sanduku la mashine limefungwa kote kwa mbao na magunia ili kupunguza kelele, mashine inakosa pumzi. Fungua kifuniko, endesha, tazama. Moshi ukipungua umeshapata jibu bila ya kutoa hata shilingi. Sababu ya pili iko chini ya maji. Magamba na mwani vikiota kwenye mkuku na kwenye rafadha, au kipande cha kamba ya nyavu kikijisokota hapo, mashine inavuta chombo kama punda aliyefungwa gari lenye breki. Nahodha anaongeza mafuta, mwendo hauongezeki, bomba linatoa wingu. Wapo waliofungua injini nzima kwa gharama kubwa wakati dawa ilikuwa ni kupandisha chombo ufukweni na kukikwangua. Rafadha kubwa kuliko uwezo wa mashine nayo huleta hali hiyo hiyo, na hili huwapata sana waliobadilisha injini wakabakisha rafadha ya zamani. Dalili yake ni kwamba mashine haifikii mizunguko iliyoandikiwa na kiwandani hata ukisukuma mkono wa mafuta hadi mwisho.

Hayo yakiwa sawa, ndipo tunafika kwenye nozeli. Kazi ya nozeli ni kuyapasua mafuta yawe ukungu. Ikichakaa hudondosha matone, na tone haliungui lote, hugeuka masizi. Kujua ni silinda ipi inayoumwa, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine mashine ikinguruma taratibu, huku ameziba kwa tambara na uso ukiwa mbali. Akilegeza ya silinda nzima, mlio unabadilika na nguvu inashuka. Akilegeza ya silinda mgonjwa, hakibadiliki kitu, au moshi unapungua. Tahadhari: nozeli iliyofunguliwa isijaribiwe kwa kuikinga mkono. Mafuta yanatoka kwa msukumo unaozidi mara 100 ule wa hewa tunayoivuta, hutoboa ngozi na kuingia ndani. Tundu huonekana dogo kama la sindano, mtu akapuuza, kisha akaja kukatwa kidole au mkono. Aliyepatwa akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Moshi wa buluu maana yake mashine inaunguza oili. Kwanza pima kijiti, pengine oili imezidishwa tu. Ikiwa kipimo ni sawa, fungua kifuniko cha kutilia oili mashine ikiwa inanguruma: ukiona mvuke unapuliza kwa nguvu kama birika, ringi za pistoni zimekwisha au silinda imelika. Ukitoka zaidi mashine inapowashwa tu kisha ukapungua, shuku mipira ya valvu. Hapa hakuna ujanja, ni kufungua. Kutia oili nzito ili moshi upungue, kama wanavyofanya baadhi yetu, ni kumpa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu na kumwambia amepona.

Moshi mweupe unahitaji subira, kwa kuwa una sura mbili. Kuna mvuke wa maji na kuna mafuta yasiyowaka. Mvuke hupotea hewani upesi na hauchomi macho. Mafuta yasiyowaka yananing'inia, yanawasha macho, na ukitazama majini nyuma ya chombo utaona utando wa rangi rangi. Ikiwa ni mafuta, tafuta maji kwenye tangi, nozeli mbovu, pampu iliyopoteza wakati wake wa kusukuma, au silinda isiyobana vizuri. Ikiwa ni mvuke na mashine inapozwa kwa maji ya bahari, tazama maji yanayotoka pamoja na moshi. Yakiwa machache, mlango wa kuingizia maji umeziba kwa mwani au mfuko wa plastiki, au pampu ya maji imechoka. Na ikiwa oili kwenye kijiti imegeuka rangi kama chai ya maziwa, zima. Maji yameingia ndani, mara nyingi ni gasketi ya hedi, na kuendelea na safari ni kuua mashine katikati ya mkondo na watu wakiwemo.

Katika mafuta yenyewe kuna maradhi pia. Tusisahau uchakachuaji, dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa, uliosumbua nchi hadi Serikali ya Tanzania ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuukomesha. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli, huzila. Na dizeli ya kwenye madumu yaliyokaa ufukweni huwa na maji na mchanga. Liache dumu litulie usiku kucha, mimina kwa kitambaa safi, na la mwisho chini usilitie. Chujio la mafuta nalo lina koki ya kutolea maji chini yake. Ifunguliwe kila asubuhi kabla ya safari, ni kazi ya dakika moja.

Wenye vyombo watasema hawana fedha. Tunawaelewa, nauli ni ndogo na vipuri ni ghali. Lakini angalia mpangilio: kukwangua chombo, kusafisha chujio la hewa, kutoa maji kwenye mafuta na kurekebisha valvu, yote haya ni jasho zaidi kuliko fedha. Kupima nozeli kwa fundi wa pampu mjini ni gharama ya kati. Ringi ndizo ghali. Na moshi mweusi wenyewe ni fedha inayotoka bombani, kwa sababu ni dizeli uliyoinunua ikakataa kuwaka.

Wakati matengenezo yakisubiriwa, bomba la moshi litazamwe. Viungo vinavyovuja chini ya sitaha vizibwe, na bomba lipandishwe juu ya vichwa vya watu au litoke nje kabisa. Hata likitoka nyuma tezini, jua kwamba chombo kinachokwenda mbio chini ya turubai huvuta hewa ya nyuma kuirudisha ndani, kwa hiyo turubai lifunguliwe mbele ili upepo upite. Na ile tabia ya kuiacha mashine ikinguruma gatini nusu saa kungoja abiria wawili, iachwe. Mashine inayonguruma bila mzigo haipati moto wa kutosha, hujaa masizi, na wanaoyavuta ni walioketi wakisubiri.

Tumkumbuke pia kijana wa mashine, maana yeye huvuta moshi huo kila siku, asubuhi na jioni. Aoshe mikono kwa sabuni, akianza na mafuta kidogo ya kupikia kulainisha uchafu, si kwa petroli wala dizeli, ambazo hukausha ngozi na kuipasua. Grisi nzito iliyoganda juu ya ngozi huzuia maji ya udhu yasifike, hivyo lazima itolewe kabla ya sala. Oili chafu nayo isimwagwe kwenye ngama ikasukumwa baharini. Iwekwe kwenye dumu ipelekwe nchi kavu, samaki tunaowala wanaishi humo humo.

Wakaguzi wa TASAC kwa upande wa Bara na wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar tungewaomba wanapohesabu maboya ya kujiokolea waombe na mashine iwashwe, walitazame bomba. Lakini msiwangoje wao. Jamaa wanaokodi chombo kwa harusi, ziara au maulidi wanayo nguvu kubwa, kwa sababu fedha bado iko mkononi mwao. Watumeni watu wawili jioni ya kuamkia safari, chombo kifungwe vizuri gatini, mashine iwashwe dakika kumi hadi ipate moto, kisha nahodha aitie gia na kuongeza mafuta taratibu kamba ikiwa imekaza. Watazame rangi ya kinachotoka bombani, na iwe kabla ya kutoa arubuni.