Kahawa Imekaangwa Lini?



Katika nyumba za pwani yetu kahawa si kinywaji cha kuondolea usingizi tu. Hiyo ndiyo impokeayo mgeni pamoja na tende au halua, ndiyo ikaayo kati ya wazee barazani baada ya sala ya Isha, na ndiyo ipitishwayo katika maulidi na hitima. Pamoja na heshima yote hiyo, twaona kwamba aghalabu hununuliwa kwa uangalifu mdogo kuliko samaki. Anunuaye samaki hufunua matamvua akatazama kama bado ni mekundu. Anunuaye kahawa hutazama bei na rangi ya pakiti, akalipa, akaenda zake. Juma hili twapenda kueleza kwamba kahawa nayo huchakaa, na kwamba swali moja dukani laweza kuiokoa fedha ya nyumba.

Buni kabla ya kukaangwa ni kitu kivumilivu. Ikiwa imekaushwa vyema na kuhifadhiwa mahali pakavu, hukaa miezi mingi bila kupoteza kitu kikubwa. Moto ndio uanzishao hesabu. Punje ikikaangwa huvimba, hupata vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani yake hujaa hewa ya kaboni dioksidi pamoja na harufu za namna nyingi. Tangu saa hiyo hewa hiyo huanza kutoka ikichukua harufu pamoja nayo, na oksijeni huingia mahali pake na kuyaharibu mafuta yaliyomo ndani ya punje.

Siku 3 au 4 za mwanzo punje bado hutoa hewa nyingi, na wajuzi wengi hupendelea kuziacha zitulie. Kisha huja majuma machache ya ubora wake. Baada ya takribani mwezi mmoja tangu kukaangwa, hasa ikiwa pakiti imekwisha kufunguliwa, ladha huanza kupooza. Kahawa iliyosagwa haina subira hiyo. Maadamu punje imevunjwavunjwa, hewa huifikia kila upande, na harufu hupungua sana kwa siku chache tu. Joto, mwanga na unyevu huharakisha mambo hayo, na sisi watu wa pwani hatuna uhaba wa joto wala unyevu.

Basi mnunuzi aangalie nini? Kwanza, asitosheke na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tarehe hiyo huweza kuwekwa mwaka mzima au zaidi mbele, nayo hueleza muda ambao bidhaa yafaa kuuzwa, wala haielezi kama harufu ingalimo. Itafutwe tarehe ya kukaangwa. Isipoandikwa, muuzaji aulizwe.

Pili, asidanganywe na herufi. Wengi huona AA juu ya pakiti ya kahawa ya Kenya wakadhani ni dalili ya upya. Herufi hizo hueleza hasa ukubwa wa punje: AA ni kubwa kuliko AB, na PB ni ile ya mviringo iliyokua peke yake ndani ya tunda. AA iliyokaangwa miezi sita iliyopita ni punje kubwa zilizochakaa.

Tatu, atumie pua na macho. Pakiti nyingi nzuri zina kitundu kidogo chenye kizibo kiruhusucho hewa itoke bila kuingia. Ikibonyezwa taratibu karibu na pua, harufu iwe ya kupendeza, si ya karatasi wala ya mafuta yaliyokaa siku nyingi. Pakiti ya namna hiyo iliyovimba kidogo isimtie mtu hofu, kwani mara nyingi ni hewa ya kahawa iliyokaangwa karibuni. Ama mng'ao wa mafuta juu ya punje, peke yake si hukumu: kahawa iliyokaangwa sana hutoa mafuta mapema, na iliyokaangwa kiasi huyatoa ikizeeka.

Nyumbani kuna jaribio jepesi. Tia kijiko kimoja cha kahawa iliyosagwa sasa hivi katika kikombe, mimina maji yaliyotoka kuchemka, utazame. Kahawa mpya huumuka na kutoa povu kwa sababu ya ile hewa iliyomo. Iliyochakaa hulala kimya. Kisha ionje bila tangawizi wala iliki. Viungo vyetu ni vitamu, lakini hufunika mengi, na kahawa iliyokufa huweza kupita ndani ya dele kwa miezi bila mtu kujua kwamba anachokisikia ulimini ni iliki peke yake.

Njia bora ya kuepuka hasara ni kununua kidogo kidogo. Nyumba itumiayo gramu 20 kwa siku humaliza robo kilo kwa siku 12 au 13. Kilo nzima itawachukua siku 50, na nusu ya pili itanyweka ikiwa imekwisha kupooza. Nafuu ya bei ya kilo imepotea hapo. Kadhalika kwa arusi: kusagisha kilo kadhaa mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe ni kuwaandalia wageni vumbi. Inunuliwe punje nzima, isagwe karibu na shughuli. Ihifadhiwe katika kopo likazikalo vyema, mbali na jiko na mbali na makopo ya viungo, kwa kuwa kahawa hunyonya harufu za jirani zake. Jokofu la kufunguliwa kila saa halifai, maana kopo likitolewa katika baridi kuingia katika joto letu, hupata unyevu.

Mama zetu waliokaanga buni kidogo jikoni, wakaitandaza juu ya ungo ipoe, kisha wakaitwanga katika kinu, hawakuhitaji tarehe yoyote. Walijua imekaangwa lini kwa sababu mikono yao ndiyo iliyokaanga. Mwenye nafasi na airejee desturi hiyo: buni isiyokaangwa ndiyo ifaayo kuwekwa akiba.

Neno la mwisho ni kwa ndugu zetu wafanyabiashara. Twaijua sote ile habari ya Mtume (s.a.w.) kutia mkono wake katika lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini, akamkanya mwenye mali kwa kuuficha kasoro hiyo wanunuzi wasiione. Uchakavu wa kahawa ni kasoro ya namna hiyo, kwa kuwa hauonekani kwa juu. Anayechanganya masalio ya mwezi uliopita na kahawa ya leo, au ajibuye "ni mpya" bila kujua, auza kitu asichokuwa nacho. Kuandika tarehe ya kukaanga kwa kalamu juu ya mfuko hakugharimu kitu, na iliyokaa huweza kuuzwa kwa bei yake ya haki, mnunuzi akijua. Nasi wanunuzi tuulize kwa adabu, na tumrudie yule atujibuye kwa ukweli.

Wabillahi tawfiiq.