Kura za Uholanzi na unga wa kambini

Wenzetu wengine wanatuuliza, siasa za Uholanzi zinatuhusu nini sisi tunaosubiri posho? Zinatuhusu sana. Julai 2023 serikali ya Mark Rutte ilianguka kwa ubishi juu ya wakimbizi kuleta familia zao. Yaani mke na watoto waliobaki nyuma ndio waliowagombanisha mawaziri!

Hapo chama cha kijani, GroenLinks, na kile cha wafanyakazi, PvdA, vikaingia uchaguzi kwa orodha moja. 2021, kila kimoja kivyake, vilipata viti 17 jumla. Novemba 2023, pamoja, 25 kati ya 150. Lakini wa kwanza alikuwa Geert Wilders, viti 37, na serikali iliyofuata ikaamua kupunguza misaada ya maendeleo. Juni 2024, kura za Bunge la Ulaya, muungano ukaongoza. Oktoba 2025 ukashuka hadi viti 20.

Sisi hatuwashangilii kama timu ya mpira. Tunachokipenda ni kwamba waliweka mazingira na mshahara wa mtu wa chini kwenye karatasi moja. Huku kwetu hilo halihitaji semina: mvua ikikosa unga unapanda bei, kuni zinazidi kuwa mbali, na dada zetu ndio wanaotembea.

Sasa ninyi ndugu wa mashirika, mnatuletea miche mwezi huohuo posho inapokatwa. Miche tutapanda, hatukatai. Ila kikao kijacho cha mazingira tutaanza kwa kuuliza, unga mwezi huu ni kilo ngapi?